Kuwinda elki bila kubahatisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeishi Colorado miaka ya kutosha kuizoea theluji. Kila mwaka ikifika Agosti simu yangu huanza kulia: ndugu wa Denver, wa Boise, wa Missoula, wa Salt Lake City. Wanauliza mambo yale yale, na karibu wote huishia kwenye swali moja: "Kwa nini wewe unapata na mimi sipati?" Nimeyakusanya hapa ili nisiendelee kurudia sauti za WhatsApp za dakika saba. Sheria nilizotaja ni za majimbo ninayoyafahamu. Kijitabu cha kanuni hutolewa upya kila mwaka na kila jimbo, na hicho ndicho cha mwisho kukisoma kabla ya kutoka nyumbani.

## Mnyama na makaratasi

1. Elki ni mnyama gani hasa? Ni kulungu?

Ni wa ukoo wa ayala, lile neno ambalo wengi wetu tulilisikia kanisani kabla ya kujua sura ya mnyama mwenyewe. Jina lake jingine ni wapiti. Kwa ukubwa yuko kati ya tandala mkubwa na pofu: dume wa Milima ya Rocky hufika kilo 300 na ushee, jike kilo 200 hadi 250. Kwa hiyo ukimwangusha, fikiria ng'ombe wa kienyeji amelala kwenye korongo, na gari lako liko kilomita nne.

Dume huota pembe mpya kila mwaka na kuziangusha mwishoni mwa majira ya baridi au mwanzoni mwa machipuko. Pofu na tandala hawafanyi hivyo, na wageni wengi husita kuamini.

Ndugu wa Sweden na Norwei, angalizo: Waingereza wa Ulaya wakisema "elk" wanamaanisha mnyama mwingine, mweusi mweusi, mwenye pua ndefu na pembe pana kama sinia. Huyo Marekani anaitwa "moose", na Colorado yupo pia. Kila msimu kuna mtu anayempiga kwa kudhani ni elki, na kesi yake si ndogo. Ukiwa na shaka, usifyatue.

2. Sina uraia wa Marekani. Naruhusiwa kuwinda?

Leseni ya kuwinda haidai uraia. Kinachoangaliwa ni umeishi jimboni muda gani, maana mkazi hulipa ada ndogo na mgeni hulipa mamia ya dola. Colorado na Idaho hudai miezi 6, Montana siku 180, Wyoming mwaka mzima.

Bunduki ni jambo jingine, na hapo sheria ni ya shirikisho. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, amekatazwa isipokuwa awe na msamaha unaotambuliwa kisheria, na leseni halali ya uwindaji ni mmoja wa misamaha hiyo. Asiye na hadhi halali ya ukaazi haruhusiwi hata kushika ya kuazima. Kosa hapa linaweza kukufukuzisha nchini, kwa hiyo usichukue neno langu wala la shemeji yako. Lipia saa moja ya mwanasheria wa uhamiaji.

3. Nianzie wapi?

Kwenye kozi ya usalama wa wawindaji. Colorado huidai kwa yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada yake, maana yake sisi sote. Idaho na Montana mwaka wa kukatia uko mbele zaidi, lakini fanya tu: cheti cha jimbo moja hukubalika majimbo mengine.

Halafu leseni. Jimbo limegawanywa katika vitalu vyenye namba, na leseni hutaja kitalu, msimu, silaha, na mara nyingi jinsia ya mnyama. Vitalu vizuri hutolewa kwa bahati nasibu. Colorado maombi hufungwa mapema Aprili, na hapo ndipo wengi wetu hukosea kwa kuanza kufikiria mawindo Septemba. Ukikosa, leseni zilizobaki huuzwa baadaye, na nyingi ni za majike (tazama swali la 17).

Misimu ya Colorado: upinde Septemba, bunduki ya kushindilia baruti katikati ya Septemba, kisha misimu minne ya bunduki ya kawaida kuanzia katikati ya Oktoba hadi Novemba. Kwenye msimu wa bunduki lazima uvae rangi ya chungwa inayong'aa, au ya waridi inayong'aa, kifuani na kichwani. Usiogope kwamba elki atakuona. Macho yake hayaitofautishi rangi hiyo kama yako. Kinachokuuza ni mwendo wako na harufu.

4. Ni kweli wengi hurudi mikono mitupu?

Kweli kabisa. Colorado, jimbo lenye elki wengi kuliko mengine yote, kwa kawaida hufanikiwa karibu mwindaji mmoja kati ya watano, na kwa upinde ni chini ya hapo.

Sasa piga hesabu. Kama nafasi yako ni moja kati ya tano kila mwaka, uwezekano wa kukosa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu mfululizo ni kama nusu. Yaani ukichukua wawindaji kumi wa kawaida, baada ya misimu mitatu watano bado hawajaonja. Hao watano si wajinga. Lakini ndio wanaonipigia simu wakisema wamerogwa.

## Kujiamini

5. Misimu mitatu bila kitu. Nitajiaminije?

Hili ndilo swali lenyewe, na nitalichukulia muda.

Watu hudhani kujiamini kwa mwindaji ni kuingia msituni ukiwa na hakika kwamba leo nyama inaanguka. Huko ni kujidanganya, na kufikia siku ya pili, saa nne asubuhi, kumekwisha. Mwindaji anayejiamini ni yule anayeweza kukueleza kwa nini amekosa. "Nilikosa kwa sababu upepo uligeuka saa tatu nikiwa chini yao." Huyo mwakani anarudi na kitu mkononi. Anayesema "hakuna elki huku" anarudi na kitalu kipya, na ujinga ule ule.

Kwa hiyo acha kuhesabu wanyama ulioua. Hesabu siku ulizoona elki, au kuwasikia, au kukuta kinyesi chenye unyevu. Msimu wangu wa kwanza: siku tano, nikaona elki siku moja, kwa mbali, matako yao meupe yakipotea kwenye misonobari. Wa pili: siku mbili kati ya tano. Wa tatu: siku nne, na sikufyatua hata mara moja. Mke wangu aliona misimu mitatu ya petroli iliyopotea. Mimi niliona mstari unaopanda, na wa nne niliingia nikijua swali lililobaki ni moja tu: kuwa tayari pale wanapotokea.

Na haya yote sikuyakumbuka kichwani. Weka daftari, lile la shule la kurasa 40 linatosha. Hapa kuna ukurasa wangu wa mwaka ule wa tatu, bila kupambwa:

*Siku ya 2. Saa moja kasoro dakika 10 asubuhi, baridi, theluji kidogo. Majike 7 + ndama 2 ukingo wa uwanda wa juu. Upepo unashuka, mimi niko chini yao, safi. Nikangoja waingie msituni nikawafuata. Saa tatu kasorobo jua limegusa mteremko, upepo ukapanda. Jike mkubwa kainua kichwa. Wamekwenda. KOSA: ningezunguka kwa juu kabla ya saa mbili na nusu.*

Mistari sita. Mwaka uliofuata nilizunguka kwa juu.

6. Nikimwona, mikono hutetemeka. Nifanyeje?

Inamtokea kila mtu, na tiba yake haipatikani siku hiyo. Uwanjani kwa shabaha, wengi hupiga wakiwa wamekaa kwenye meza, bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga. Mlimani hakuna meza. Mezani rekebisha darubini ya bunduki mpaka risasi ipige pale unapolenga, kisha achana na meza. Piga ukiwa umekaa chini, umepiga goti, umeegemea fimbo za kushikilia bunduki, umelala juu ya mkoba. Kama uwanja unaruhusu, panda na kushuka ngazi mara kumi hadi moyo udunde, kisha pakia na upige. Ndivyo utakavyokuwa.

Tumia sahani ya karatasi, zile za harusini. Umbali wako ni ule ambao unaipiga sahani mara tisa kati ya kumi kutoka mkao wa porini, wala si ule ambao siku moja uliipiga ukashangilia. Kwangu ni mita 230. Kwa rafiki yangu mmoja ni mita 120, na ana nyama nyingi kuliko mimi, kwa sababu anajua ni 120 na hafikirii mara mbili.

Ukishajua namba yako, nusu ya mtetemeko huisha. Unaotetemesha ni ubishi wa ndani: nipige, nisipige?

7. Bunduki gani?

.270, .308, .30-06, 7mm: yoyote. Colorado kiwango cha chini kwa elki ni kipenyo cha inchi .24 na risasi yenye uzito wa grani 85 (kama gramu 5.5), lakini hicho ni kiwango cha sheria, mimi nisingekitumia. Chagua ambayo teke lake halikufanyi ufumbe macho. Pesa iliyobaki nunulia darubini nzuri na viatu. Mjadala wa bunduki hupendwa kwa sababu unaweza kufanywa ukiwa sebuleni.

8. Mimi ni dereva wa lori, nina kitambi. Nitaweza?

Utaweza, ukianza Mei. Elki wa Colorado wakati wa Septemba na Oktoba mara nyingi wako kati ya mita 2,400 na 3,500 juu ya usawa wa bahari. Atokaye tambarare aje siku mbili mapema, anywe maji mengi, asikimbilie juu. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, shuka, hewa haibembelezwi.

Mazoezi: jaza mkoba kilo 10, tembea mlimani au ngazi za ghorofa mara tatu kwa wiki, ongeza hadi kilo 20. Uchovu ndio unaoua kujiamini kwa wengi, na wao huuita bahati mbaya. Mtu aliyechoka hasemi "nimechoka". Husema "hawako kule".

## Kumpata

9. Mlima ni mkubwa. Nianze kutafuta wapi?

Elki ana mahitaji matatu: majani, maji, na mahali pa kulala palipo baridi na salama. Alfajiri na jioni hula sehemu za wazi. Mchana hulala msituni, hasa kwenye miteremko inayotazama kaskazini, kwa sababu jua haliipigi sana na miti imesongamana. Fungua ramani, tafuta uwanda wa majani ulio juu, kisha mteremko wa kaskazini ulio karibu nao wenye msitu mzito. Njia kati ya hayo mawili ndiyo unayoitafuta.

Halafu weka barabara na vijia vyote kwenye ramani hiyo hiyo, na utazame mahali ambapo mtu wa kawaida hatafika. Si lazima pawe mbali. Mara nyingi ni kilomita moja na nusu tu, lakini yenye korongo baya katikati.

Ukifika, usitembee, kaa na darubini. Saa ya kwanza na ya mwisho ya mwanga, gawanya mteremko vipande, uvitazame kimoja kimoja. Usitafute elki mzima. Tafuta mstari wa mgongo uliolala kati ya miti iliyosimama, sikio, doa la rangi ya mkate uliokaushwa.

Hakikisha pia ardhi ni ya umma. Programu za ramani za simu huonyesha mipaka hata bila mtandao, ukizipakua ukiwa nyumbani.

10. Kila nikikaribia wananinusa. Upepo unanichanganya.

Mtu wa pwani hana sababu ya kuchanganyikiwa. Wavuvi wetu huondoka na umande, upepo unaotoka bara usiku na alfajiri, na hurudi na upepo wa bahari jua likishapanda. Mlima hufanya vile vile. Usiku hewa hupoa, huwa nzito, huteremka bondeni kama maji. Jua likiupasha mteremko, hewa hupanda. Jioni hurudi chini.

Kwa hiyo alfajiri mkaribie kutoka chini, na mchana kutoka juu. Saa ya hatari ni ile ya kugeuka, asubuhi baada ya jua kugusa mteremko na jioni linapouacha: upepo husita, huzunguka, hukupapasa shingoni kisha usoni. Saa hiyo kaa mbali, kunywa chai. Mimi hubeba kichupa cha unga wa sembe uliochekechwa. Nakibinya kila dakika chache nione vumbi linaelekea wapi. Madukani huuzwa unga maalumu kwa dola kadhaa. Sembe inatosha.

Sabuni zisizo na harufu na dawa za kupuliza? Zitumie ukitaka. Ukiwa umekaa upande mbaya wa upepo hazitakuokoa.

11. Kuita kwa filimbi kunafanya kazi?

Septemba, ndiyo. Huo ni msimu wa kupandana, na dume hulia. Mara ya kwanza nilipousikia mlio ule gizani nilifikiri kuna mtoto anajifunza zumari: unaanza chini, unapanda hadi kukwaruza sikio, kisha unakatika kwa mikoromo. Sauti ya jike ni fupi na laini, nusu mlio wa paka.

Kosa la wanaoanza ni kulia kama dume kubwa kila baada ya dakika tano. Dume mwenye majike wake akisikia mpinzani mkali, mara nyingi hukusanya wake zake na kuondoka. Jifunze sauti ya jike kwanza, ita kidogo, kisha nyamaza kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Ukiwa wawili, anayeita akae mita 50 au zaidi nyuma ya mpigaji, maana dume humtafuta aliyeita na huja akizunguka ili anuse. Upepo tena, swali la 10.

Kufikia misimu ya bunduki ya mwisho, kuita hakusaidii sana. Weka filimbi mfukoni, shika darubini.

12. Sijaona kitu siku mbili. Nihamie kitalu kingine?

Kitalu usihame. Bonde, hama. Elki wasipokuwepo mahali, hawapo. Kukaa kwa imani hakuwaleti. Lakini ukiruka kutoka kitalu hadi kitalu kila mwaka, unaanza darasa la kwanza kila mwaka. Ninaowajua wanaopata karibu kila msimu wote wana mlima mmoja wanaoujua kama mtaa wao. Wanajua theluji ya kwanza ikianguka wanyama hushuka kupitia kijia gani. Wangu ni upande wa Flat Tops, karibu na mji wa Meeker, ambako kundi la White River ni miongoni mwa makundi makubwa ya elki Amerika Kaskazini, na hata hapo ilinichukua miaka mitatu, kama nilivyoeleza swali la 5.

13. Kumejaa wawindaji wengine!

Watumie. Asubuhi ya kwanza ya msimu, watu huwasha taa, hufunga milango ya magari, huanza kupanda. Elki huondoka mbele yao. Wewe ingia saa mbili kabla ya wote, kwa njia ya nyuma, ukae kwenye mpito kati ya barabara na msitu mzito. Jike wangu wa kwanza aliletwa na kijana mmoja aliyekuwa akishuka akipiga mluzi. Hajui mpaka leo.

## Akishaanguka

14. Nimefyatua. Sasa?

Pakia tena kabla ya kufanya lolote, na uendelee kumtazama. Akiwa bado amesimama, ongeza risasi. Elki ni mgumu. Aliyepigwa vizuri mapafuni anaweza kwenda mita mia akionekana mzima.

Akipotea machoni, weka alama pale ulipokuwa na pale alipokuwa. Subiri nusu saa. Kisha tazama damu. Nyepesi ya waridi yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyeusi nyeusi ni ini, subiri saa kadhaa. Ukiona uchafu wa kijani au kahawia ni tumbo, rudi ulikotoka na ungoje saa 6 hadi 12, isipokuwa joto au theluji inayoanguka ikulazimishe. Ukimsukuma mapema atatembea kilomita na hutamwona.

15. Nyama ni kiasi gani, na nitaibebaje?

Bila mifupa, jike hutoa kama kilo 70, dume mkubwa 90 hadi 110. Kwa mtu mmoja hiyo ni safari tatu au nne.

Adui ni joto, hata kukiwa na baridi. Ngozi ya elki ni nene na nyama huanza kuharibika ndani, kwenye mfupa wa paja. Sisi hatumpasui tumbo kwanza. Tunamlaza ubavu, tunachuna upande mmoja hadi mgongoni, tunatoa mkono, paja, sarara na nyama ya shingo, kisha tunamgeuza. Matumbo hubaki ndani mpaka mwisho, na nyama haiguswi na uchafu. Kila kipande kwenye mfuko wake wa kitambaa chepesi, kining'inizwe kivulini mahali penye upepo. Plastiki hapana, itachemka.

Jaza lebo ya leseni papo hapo, na uache kithibitisho cha jinsia kikiwa kimeshikamana na nyama kama kanuni zinavyodai. Kuacha nyama inayolika porini ni kosa la jinai. Pembe unaweza kuziacha pale kanuni zinaporuhusu. Nyama, hapana.

16. Kwa Muislamu, nyama hii ni halali?

Mimi si sheikh, nasema ninachofundishwa. Hukumu ya mawindo si ya machinjio. Ukitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, risasi au mshale ukamtoboa, akafa kabla hujamfikia, wanazuoni wengi wa zama hizi wanamhesabu halali. Bismillah hiyo ni ya wakati wa kufyatua. Ukimkuta hai na ameshindwa kabisa, hukumu inarudi kwenye kuchinja. Hapo tahadhari mbili: teke la elki linavunja mguu wako, na kanuni za jimbo hutaja silaha zinazoruhusiwa kumalizia mnyama. Muulize sheikh wako na askari wa wanyamapori kabla ya msimu. Akiwa bado anajikokota mbali nawe, bado ni windo: taja tena, piga tena.

Aliyeanguka majini na kufia humo ana suala lake. Mimi siipigi risasi karibu na mto.

## Maswali ya pembeni

17. Nichukue leseni ya dume au ya jike?

Kama unataka kujifunza na kujaza friza, jike. Nafasi ni nyingi zaidi, na nyama ni laini. Dume Colorado lina sharti katika vitalu vingi: pembe zenye ncha 4 upande mmoja, au ncha ya paji yenye urefu wa sentimita 13 hivi. Kuhesabu ncha kupitia matawi, mikono ikitetemeka, si mtihani wa mwaka wa kwanza. Picha ya pembe itasubiri.

18. Nimesikia kuna ugonjwa wa kulungu wenye wazimu.

Upo. Ulitambuliwa mwaka 1967 kwenye kituo cha utafiti huko Fort Collins, Colorado, na kwa elki wa porini mwaka 1981. Unakula ubongo, mnyama hukonda hadi kufa, na kupika hakuuondoi. Hakuna mtu anayejulikana kuupata, lakini mamlaka za afya zinashauri usile mnyama aliyepatikana nao. Peleka kichwa kwenye kituo cha upimaji cha jimbo, weka nyama kwenye friza, ngoja majibu. Mizoga na vichwa kuvusha mpaka wa jimbo kuna masharti. Safirisha nyama iliyotolewa mifupa.

19. Na dubu?

Colorado kuna dubu mweusi, mwizi wa chakula zaidi ya mpiganaji. Wyoming, Montana na sehemu za Idaho kuna grizzly, dubu wa kahawia aliye mkubwa na mkali zaidi, na huyo ni habari nyingine. Beba dawa ya kupuliza ya dubu kiunoni, si ndani ya mkoba. Nyama itenge na matumbo, mita 100 au zaidi, mahali unapoweza kupaona kwa mbali ukirudi. Ukikuta amekalia nyama, ni yake. Ripoti.

20. Niajiri kiongozi wa kulipwa?

Kama una pesa, sawa, utajifunza haraka. Colorado lazima awe amesajiliwa na serikali. Angalia usajili kabla ya kutuma amana. Jamaa yangu mmoja alituma kwanza, akaangalia baadaye. Wyoming mgeni wa jimbo haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa ndani ya nyika zilizohifadhiwa na shirikisho bila kiongozi au mkazi mwenye kibali cha kumsindikiza, kwa hiyo huko si hiari.

21. Nilimjeruhi, sikumpata. Sitaki tena kuwinda.

Nilimtafuta wangu siku nzima na nusu, kwa magoti mahali pengine, nikigeuza majani kutafuta tone. Sikumpata. Nilimaliza msimu bila kupiga tena. Leseni ilibaki mfukoni, na nikaona ni haki. Niliandika kwenye daftari: *mita 290, upepo wa ubavuni, nilijua ni mbali.* Namba yangu ya mita 230 kwenye swali la 6 imetoka hapo.

22. Tukishaileta nyumbani, inapikwaje?

Ondoa mafuta yote meupe. Ya elki huganda mdomoni kama nta na ndiyo yanayowafanya watu waseme nyama ina harufu. Weka samli badala yake. Sarara ichomwe haraka, moto mkali, ibaki nyekundu kidogo katikati. Ukiikausha kama mishkaki ya stendi utatafuna mpaka kesho. Paja ni la pilau. Miguu ya chini ina mishipa mingi, ichemshe taratibu saa tatu na tangawizi. Shingo iache kwa supu ya Jumapili, na uwaite waliokusaidia kubeba.